Sabato Dani Aliposiriba Nyumba ya Mama

Kwa nini mwanamke ambaye hakuruhusu hata kijiko kioshwe siku ya Sabato aliamka Jumamosi moja asubuhi, akakunja mikono ya nguo, akaanza kukanyaga udongo? Nilikuwa na miaka tisa, na nilimuuliza hivyo hivyo, maana nilikuwa mtoto wa maswali. Alinisogezea ndoo.

Sisi tuliokulia pande za Rodi Kopany kabla kila mtu hajawa na simu yake tunaujua udongo ule. Shuleni, Ijumaa ilikuwa siku ya kubeba mavi ya ng'ombe kwenye karatasi ya nailoni ili tusiribe sakafu ya darasa. Aliyekuja mikono mitupu alirudishwa njiani akayatafute, akawafuata ng'ombe wa watu polepole, akiwabembeleza. Tulicheza blada, tukiruka kamba ya mpira mpaka magoti yakauma. Tulipika majani na mchanga kwenye kalongolongo, tukasifiana upishi. Jioni tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu mchana, tukipigania yale yaliyoshika chini ya sufuria. Ukilia, uliulizwa ni nani amekufa. Kama hakuna, ulitumwa maji. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yetu ya kukabili msongo wa mawazo. Siku hizi wadogo zangu wana programu kwenye simu ya kuwakumbusha kuvuta pumzi. Nawacheka sana. Halafu naomba wanitumie na mimi, kwa sababu sina hakika kwamba kutumwa maji kulitusaidia wote.

Lakini Dani, nyanya yangu mzaa baba, ni habari nyingine. Baba alifariki kabla sijaota meno, mama akaenda Macalder kutafuta dhahabu, nami nikabaki na Dani. Kule Macalder wanaume walishuka mashimoni. Mama na wenzake waliketi karibu na mdomo wa shimo, wakipokea mawe, wakiyaponda, wakiosha unga wake kwenye karai. Alikuja Jumapili ya mwisho wa mwezi na mkate chini ya kwapa, nywele zikiwa na rangi ya vumbi.

Ijumaa ile, kabla jua halijazama, jirani mmoja alitoka sokoni na habari kwamba shimo limeporomoka Macalder, upande ule ule wanawake huketi. Dani aliomba simu yake, akajaribu namba ya mama mara mbili. Haikuingia. Akairudisha simu, akashukuru, akaniambia ninawe miguu.

Asubuhi nikamkuta kwenye nyumba ya mama, si yake. Ilikuwa palepale bomani, imefungwa tangu mama aondoke, na mvua ilikuwa imechora nyufa ukutani. Tulikuwa tumeanza upande wa mlango Mama Pamela, aliyesali pamoja na Dani, alipopita akielekea kanisani, gauni jeupe, Biblia mkononi.

"Nyar Karungu!" akamwita Dani kwa jina la kwao alikozaliwa. "Leo umeamkia dini gani?"

"Pita, Mama Pamela. Utachelewa wimbo wa kwanza."

"Na mzee wa kanisa akiniuliza uko wapi?"

"Mwambie ulinikuta na tope mpaka viwikoni. Wewe si huwezi kusema uongo Sabato?"

Mama Pamela alianza kucheka. Kisha akaangalia ni nyumba gani ile, na kicheko kikamwishia mdomoni. Aliweka Biblia juu ya jiwe, akavua viatu, akaingia kwenye udongo na gauni lake jeupe. Nilishangaa. Niliona sasa wametenda dhambi wawili, na mimi wa tatu.

Haikuchukua muda nikaanza kulia.

"Dani, mama amekufa?"

"Sijui, nyathina, mwanangu."

"Utajua lini?"

"Mtu wa kutoka huko akifika."

"Sasa tufanye nini?"

Alinionyesha ukuta kwa kidole chenye tope. "Sasa siriba kutoka dirishani mpaka kwenye pembe. Ukifika kwenye pembe, njoo uniulize tena."

Nilifika kwenye pembe, nikauliza tena. Akanijibu vilevile kwamba hajui, akanipa kipande kingine, kutoka kwenye pembe mpaka kwenye mlango wa nyuma. Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia mama yuko salama. Nilipolia alingoja, akanionyesha jinsi ya kuzungusha kiganja ili udongo usiache vidonda. Nadhani niliuliza mara nane siku ile. Kila mara swali lilikuwa lile lile, lakini kila mara nililibeba umbali mfupi tu, na hilo mtoto wa miaka tisa anaweza.

Mama aliingia bomani Jumapili saa sita mchana, shavu limevimba kama ameficha chungwa. Ijumaa alikuwa Migori mjini aking'olewa jino, na simu aliiacha ikichajiwa kibandani kwa mtu. Wenzake wawili hawakutoka. Hatukuyajua hayo bado. Alisimama mbele ya nyumba yake, akaiangalia, akamwangalia Dani, akaweka kiganja ukutani ambapo palikuwa hapajakauka.

"Tumekupambia!" nikapiga kelele.

"Umesikia mtoto," Dani akasema. "Ingia." Kisha akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama, miguu imenyooka mbele, na hakuinuka mpaka uji ukapoa.

Nimesoma mengi tangu wakati huo, na mengi sikuyaamini. Lakini siku ya matokeo chuoni Rongo, na miezi ile ya kutuma barua za kazi zisizojibiwa, niliugawa wasiwasi wangu vipande, kutoka dirishani mpaka kwenye pembe. Nimewasimulia vijana wa kikundi chetu kisa hiki, wakakiandika kwenye daftari. Bomani siku hizi kuta ni za saruji. Hazipasuki, hazihitaji mtu, na kila mmoja akipata wasiwasi huingia chumbani kwake akafunga mlango. Tumepata kuta nzuri. Ule mkono wa pili uliokuwa kwenye ndoo moja na wako sijui tumeupeleka wapi.

Mwaka jana nilimsimulia mama jinsi ninavyowafundisha watu mbinu ya Dani ya kutuliza moyo. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia, taratibu, jambo ambalo Mama Pamela alilielewa siku ile kwa kuangalia tu: kwetu, nyumba ya mwanamke husiribwa kabla mwili wake haujaletwa kulala humo mara ya mwisho, ili waombolezaji wasikute nyufa.