Taa Ziliungua, Lawama Ikawa ya Jicho Langu

Wiki iliyopita alifariki jirani yangu hapa Nangurukuru, yule mwenye trekta dogo la umeme. Wasomaji wangu wa siku zote, mnaojua nilivyo mvivu wa kutoka nyumbani, mtashangaa kusikia kwamba nilikwenda kumzika. Nilikwenda, ila si kwa mapenzi. Nisingekwenda, wangesema ndimi niliyemuua.

Trekta hilo lilikuwa la kukatia majani katika hoteli moja ya ufukweni huko Masoko. Hoteli ilipofungwa akalinunua, akalifungia tela, akawa anabebea bamia na mchicha wa bustani yake hadi njia panda kabla mabasi ya alfajiri hayajapita. Taa zake za zamani zilikuwa za njano, hafifu, na zilinyonya betri kiasi kwamba safari nyingine alirudi akilisukuma huku akilitukana. Basi akanunua taa nyeupe za LED. Alasiri moja akaja kuzifunga mbele ya nyumba yangu, maana kwangu kuna kivuli na mwenyewe sina pa kwenda. Mimi, niliyepita fizikia ya kidato cha nne kwa huruma ya msahihishaji, nikakaa barazani na kikombe cha chai nikitazama. Akaunganisha nyaya moja kwa moja kwenye betri, akawasha. Zikawaka, macho yakauma. Nikasema, "Duh, jirani, zinang'aa kwelikweli." Mashaallah sikusema. Chai haijafika kooni, taa zikapasuka, moshi ukatoka.

Akanigeukia taratibu. "Si umeziona?" akasema. "Haya, tosheka."

Magharibi ilipoingia, njia panda nzima ilikuwa na habari za jicho langu. Mama muuza chapati akawa anamfunika mwanawe khanga nikipita. Kijana mwenye bodaboda mpya aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akaniomba nitazame upande wa pili mpaka aondoke. Mtasema kwa mtu wa kushinda ndani hiyo si hasara. Lakini kukaa ndani kwa kupenda na kukaa ndani kwa kukimbiwa ni mambo mawili. Binti yangu alipojifungua kule Mtama, mkwe wangu alituma ujumbe kwamba nisijisumbue na safari. Mjukuu wangu sasa anatambaa, na mimi namjua kwa picha za simu tu.

Kinachonichoma ni kwamba marehemu aliujua ukweli. Fundi mmoja wa Lindi alimweleza kuwa betri ile ilikuwa na nguvu mara kadhaa ya zinazohitajiwa na taa zile. Akanunua taa nyingine pamoja na kifaa cha kupunguza umeme, na hadi leo zinawaka. Nilimfuata nikamwomba awaambie watu. Akacheka. "Waache tu, jirani," akaniambia. "Kwani wewe huwa unatoka?"

Makaburini, msemaji akatuomba tumsamehe marehemu kwa lolote alilotukosea. Wote wakaitikia kwamba wamemsamehe. Mimi nilitazama udongo, mdomo nimeufunga, na walioniona wameniona. Baada ya hitima, kaka mkubwa wa marehemu akaja barazani kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa bila kugusa chai.

"Mdogo wangu, mwachie mwenzio. Anaihitaji radhi yako huko aliko."

Nikamwambia nitamwachia siku hiyohiyo, ila Ijumaa asimame mbele ya watu aseme taa ziliunguzwa na betri. Akaivua kofia, akaivaa tena.

"Unataka nimwite ndugu yangu mwongo, na kaburi lake bado bichi?"

"Kaka, mimi aliniita hasidi nikiwa mzima."

Akaondoka bila kuaga.

Huku kwetu tunamhurumia sana maiti, na mzima tunamwambia avumilie. Mimi nitakiwe kusamehe hadharani, halafu jina langu lisafishwe kwa kunong'onezana, tena labda. Sitaki. Nawe unayesoma, kama kuna mtu umemchafua sokoni kwa jambo unalojua si kweli, rudi sokoni kulekule ukaseme, maadamu ulimi bado ni wako. Ukishafukiwa, ndugu zako wataona haya kukusemea, na uliyemchafua atakuwa bado anaamka kila asubuhi na jina ulilompa.