Meno ya Eneless

Kapembwa alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao hapa Nchelenge kando ya ziwa, na ufukwe mzima ulijua wivu wake. Mkewe, Eneless, aliuza samaki wakavu. Kiswahili alikipata kwa wanunuzi waliovuka kutoka Kongo, akakijua vizuri, na kila alipobishana nao bei Kapembwa aliweka randa chini akatazama. Yeye alijua maneno machache tu, ya mbao na misumari.

Mwaka 1956 Eneless alitokwa na kidonda kwenye ufizi, kikakaa miezi minne bila kupona. Watu wa misheni wakamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Elisabethville, huko Kongo. Yeye na Kapembwa walimwachia nyumba binti yao Mwaba, wakavuka hadi Kasenga ng'ambo, wakapanda lori la samaki la Mgiriki.

Daktari Mbelgiji alisema ni kansa, na itachomwa kwa miali ya mashine. Lakini kwanza meno yote yang'olewe, kwa sababu baada ya miali jino likioza, taya nalo huoza. Muuguzi aitwaye Ngoie, mwanamume mrefu wa nguo zilizopigwa pasi, aliyageuza maneno hayo ya Kifaransa kuwa Kiswahili; Eneless akamweleza mumewe kwa Kibemba. Kapembwa aliona habari za mwili wa mke wake zimepita kwa wanaume wawili kabla ya kumfikia yeye.

Siku ya kwanza yaling'olewa ya juu. Kapembwa aliketi kwenye benchi mlangoni. Koleo lilifanana na lile lake la kung'olea misumari. Lakini kilichomuuma zaidi ni Ngoie kumshika Eneless kichwa kwa mikono miwili, na Eneless kumng'ang'ania shati. Baadaye wawili hao walizungumza kwa sauti ndogo. Kapembwa alidaka neno moja lililorudi mara tatu: wivu. Hakulijua. Akaamini ni neno la kutongozana.

Jioni alimwekea mkewe bakuli la uji sakafuni, akatoka barazani bila kumlisha. Pale alikuwepo Mutale, mvuvi wa kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani kwao, naye akimuuguza mkewe. Kapembwa akamwuliza maana ya neno lile.

"Ni bufuba," Mutale alisema. "Mwanamume akimchunga mkewe hata asipumue. Kwa nini unauliza?"

Kapembwa alirudi ndani, akakuta uji umepoa. Akamwuliza Eneless alikuwa akisema nini na yule mtu. Mdomo wake ulikuwa umevimba, una pamba, hivyo alijibu polepole, akirudia maneno yenyewe kama alivyoyasema, kisha akiyageuza kwa Kibemba:

"Bwana yangu iko na wivu sana. Akiona kinywa yangu haina meno, atanikatala?"

"Naye akasemaje?"

"Alisema nikuulize wewe, Bashi Mwaba," akimwita baba wa Mwaba kama nyumbani.

Ilimchoma kwamba siri yao ilikuwa imefika kwa mgeni kwanza. Alichukua bakuli akaukoroga uji ule wa baridi. Akasema tu, "Kesho nitakushika kichwa mimi."

Asubuhi alimwambia Ngoie kwa Kiswahili chake cha misumari, "Miye nashika." Ngoie akamwonyesha pa kuweka viganja, akasogea. Meno ya chini yakatoka moja moja, damu ikamlowesha Kapembwa mkono wa shati. Eneless aliguna, hakulia. Yalipobaki mawili mikono ya Kapembwa iliteleza kwa damu, na Ngoie akaweka yake juu. Kapembwa alitamani kuiondoa mikono ile. Hakuiondoa.

Miali ilichukua wiki sita, kidonda kikafunga. Walipofika nyumbani Mwaba alimwona mama yake akaanza kulia. Kapembwa akamtuma achemshe maji, mama amechoka na safari.

Eneless aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na samaki wa kula, kwa kuwa hakuwa na meno, Kapembwa mwenyewe ndiye aliyempondea. Wivu hakuuacha. Mwaka uliofuata safari ile aligombana na mnunuzi kutoka Mununga aliyemwita Eneless dada mara nyingi mno, ikabidi mzee wa kanisa aje kuwapatanisha.