Salamu za Bi Mishi

Nikisikia harufu ya ukwaju ulioroweshwa, mpaka leo hasira hunipanda. Nisamehe, msomaji. Wengine ukwaju huwakumbusha futari. Mimi hunikumbusha Unguja.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mimi na nyanya tulitoka kwetu Magogoni, Kisauni, tukaenda arusini huko. Arusi ilipokwisha ilibaki siku moja, na nyanya alikuwa ameniahidi kunitembeza mjini siku hiyo: Ngome Kongwe, Jumba la Maajabu, milango ya misumari ya shaba. Darasa zima nilikwisha kulitangazia.

Nilichosahau ni salamu. Kabla ya safari majirani walipita nyumbani mmoja mmoja, kila mtu na jamaa yake wa Unguja, na nyanya akanihifadhisha mimi: nani anamsalimu nani, na mtaa gani. Zilitimia kumi na moja. Simu zilikuwapo, lakini nyanya alishikilia kwamba salamu ukipewa ni amana, na amana hufikishwa kwa miguu.

Basi tukaanza asubuhi. Kila nyumba walituuliza habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa, na kila nyumba tulipewa gilasi ya ukwaju. Kukataa ilikuwa utovu wa adabu. Tulipotoka nyumba ya nne niliuona ukuta wa Ngome mwisho wa kichochoro, watalii wakiingia na kofia zao, nami nikavutwa upande wa pili. Nililalamika. Nyanya akacheka, akaniuliza kwani ngome haipo Mombasa, kuvuka daraja tu, na lini nilimwomba anipeleke? Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana likaniudhi zaidi.

Alasiri tukatoka nyumba ya kumi. Miguu iliniuma na tumbo lilicheza maji. Nyanya alisimama kivulini, akajifuta jasho.

“Imebaki ya nani, mwanangu?”

Ilibaki ya Bi Mishi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kwa dadake Bi Time. Bi Time alikuwa hasikii vizuri, simu haikumfaa kitu, na alikaa Kikwajuni, mbali kwa miguu yangu ilivyochoka.

“Zimekwisha, nyanya,” nikasema.

Hakuuliza tena, maana kichwa changu alikiamini kuliko daftari. Tukaenda Ngome. Nikayagusa mawe, nikazunguka mbiombio nikiilazimisha furaha, nayo ikakataa kuja.

Tuliporudi Magogoni, Bi Mishi alinikuta mlangoni peke yangu. Nyanya alikuwa ndani akifungua mizigo.

“Dadangu mlimwona? Alisemaje?”

“Anakusalimu sana,” nikajibu. “Alisema atakuja, inshallah.”

Wiki ile ile Bi Mishi akashona foronya mpya za mgeni. Hazikulaliwa. Kabla ya mwezi kuandama tukasikia Bi Time amefariki. Matangani, nyanya akiwa uani kwenye vyungu, Bi Mishi aliniita, nikaitika abee, akanishika mkono mbele ya wanawake wote.

“Alhamdulillahi,” alisema, “salamu zangu zilimfika. Mwanangu huyu alizipeleka.”

Bi Mishi naye sasa ni marehemu, na kweli sikumwambia.

Ngome nimeirudia mara mbili tangu nimekuwa mtu mzima, na bado ipo pale pale. Kwa miaka mingi nilidhani hasira yangu ni ya nyanya na zile gilasi kumi. Kumbe ni ya ile ya kumi na moja, ambayo Bi Time angenimiminia, nami ningeinywa.