Magunia Mawili ya Omena

Vifaranga vya kambare viliingia bwawani Jumamosi, tarehe nane Februari. Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe ishirini na nne Aprili. Nazitaja tarehe hizi kwa sababu ukoo wake hupenda kusema kwamba mambo yaliharibika "baadaye", kana kwamba baadaye haina siku wala mwezi.

Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba yetu Riruta, pembeni mwa jiji, kwenye ploti aliyoinunua pamoja na kaka yake, na hati ilibeba jina la kaka. Siku tatu baada ya kurudi kutoka mazishini, shemeji huyo aliketi sebuleni mwangu akanipa masharti. Kambare wakifika nusu kilo mwanzoni mwa Oktoba, bwawa ni langu. Wasipofika, litafukiwa, vijengwe vyumba vya kupangisha.

"Hii kazi inataka mtu amesoma," alisema. "Wewe ulisoma ukiwa mtu mzima, shemeji. Si vibaya. Lakini wewe mwenyewe unajua."

Ni kweli kwamba nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la gumbaru, jioni, nikitoka kufagia ofisi mjini. Daftari la kwanza nililolisoma hadi mwisho bila kusaidiwa ni lile la mume wangu la samaki. Aliandika humo kwamba kambare si ng'ombe. Hanenepi kwa majani wala kwa pumba tupu. Anataka protini, na protini yetu ilikuwa omena, wale dagaa wadogo wakavu wa ziwani, wakisagwa na kuchanganywa na mashudu ya alizeti na pumba ya mahindi. Akikosa omena, kichwa hukua na mwili husalia nyuma, kisha wakubwa huanza kuwala wadogo. Nilikuwa na uwezo wa kuyasema hayo usingizini. Na stooni kulikuwa na magunia mawili ya omena safi aliyoyaacha, yakitosha hadi siku ya kuvua.

Ndipo wakaanza kuja. Kwetu magharibi mjane haachwi peke yake, na anayekuja kumfariji hapewi chai kavu. Jumamosi ya kwanza ya Mei walikuja kina mama wa kanisa. Ya pili walikuja watu wa chama cha kijiji, nao wakamaliza kuku. Ya tatu, tarehe kumi na saba, shemeji alikuja na watu kumi na wanane, na jikoni mwangu kulikuwa na unga peke yake.

Nikafungua gunia la kwanza. Nikachambua, nikaosha kwa maji moto, nikakaanga kwa kitunguu na nyanya.

"Omena ya wapi hii?" shangazi wa marehemu aliuliza, akilamba vidole. "Hii si ya kibanda. Hii imetoka ziwani jana."

"Mke wetu anajua watu," shemeji akajibu, akikata ugali mwingine. "Ongeza, shangazi. Leo hatuna haraka."

Ningesema maneno matatu tu: ni ya samaki. Sikuyasema. Habari kwamba mjane wa fulani amewalisha wafiwa chakula cha mifugo ingefika kijijini kabla wao hawajanawa mikono. Tena sikutaka nyumba yangu ionekane tupu mwezi wake wa kwanza bila mwanamume. Basi walirudi kila Jumamosi, wakiuliza omena kwa jina, na gunia la pili lilikwisha tarehe ishirini na sita Julai. Mshahara wangu wa kufagia ulikuwa ukiishia kwenye unga wao. Kambare walikula pumba na makoko ya ugali.

Jumamosi, tarehe nne Oktoba, tulivuta wavu. Mnunuzi, mama mmoja anayekaanga samaki karibu na Kenyatta Market, aliinua mmoja kwa mkia, akamgeuza.

"Mama, hii kichwa nitauzia nani?"

"Hawa ni kambare ama ni nyundo?" shemeji aliuliza, na binamu aliokuja nao wakacheka. Mzani haukufika nusu kilo hata mara moja. Na tuliowavua hawakuwa hata nusu ya walioingia.

"Nilisema," shemeji aliendelea. "Inataka mtu amesoma. Kwani ulikuwa unawapa nini?"

"Pumba. Omena yao mlikula nyinyi."

"Omena gani?"

"Ya tarehe kumi na saba Mei. Ya ishirini na nne. Ya thelathini na moja. Ya saba Juni." Nikamtajia zote hadi Julai.

Aliyatazama maji. "Si ungesema, shemeji."

"Ungeacha kula?"

Alishika njia. Baadaye, akiwa amekwisha kufika langoni, alisema kwamba makubaliano ni makubaliano.

Lori la kwanza la udongo lilifika Jumanne, tarehe kumi na nne. Asubuhi hiyo alinipigia simu kuniuliza kama ningewapikia vibarua chakula cha mchana. Nilimwambia sitapika. Lilikuwa jambo la kwanza kumkatalia tangu Aprili, na lori lilikuwa tayari linarudi nyuma kuelekea bwawani.