Anayeondoka Hulala Chali

Mtu akimwita Dieudonne "Mkimbizi" ndani ya mgahawa wangu hapa Ilembo, namnyang'anya kikombe na kumwonyesha njia. Nimeshafukuza wateja wazuri kwa neno hilo na nitafukuza wengine. Mimi naitwa Yustina, Mbende wa Mpanda hii hii, babu yangu kazikwa nyuma ya nyumba ninayolala. Kwa hiyo kama kuna wa kuulizwa nani ni wa hapa na nani si wa hapa, niulizwe mimi, si mtu aliyeshuka juzi kutoka Dar es Salaam na miwani ya jua.

Dieudonne ni mtoto wa jirani yangu Prisila. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Prisila aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka sabini na mbili, watu walipokuwa wanauawa huko Burundi. Alikulia Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia, akalima huko, akaolewa huko, akamzika mume huko, ndipo akahamia Ilembo na mtoto wake huyo mmoja. Siku alipopata uraia alikuja jikoni kwangu kavaa kitenge kipya, akasema, "Dada Yustina, kuanzia leo hata tukigombana ni ugomvi wa ndani." Nikamwambia basi tuanze leo leo, anirudishie kinu changu. Tulicheka mpaka maandazi yakaungua.

Kijana wake hakuwa mtu wa shule. Alikuwa mtu wa mabega. Alikwenda Majimoto kupakia mpunga kwenye malori, na gunia la lumbesa ambalo wenzake walilibeba wawili, yeye alilitupia begani peke yake akatembea nalo huku anapiga mluzi. Mchana kazi ikipungua, wapakiaji walikuwa wanaangushana kwenye pumba, na hakuna aliyemweza. Alikuwa na namna yake: anamnyanyua mtu, anamweka begani, anazunguka naye, kisha anamtua polepole asiumie. Hiyo ndiyo iliyomfanya achukuliwe na kampuni ya Ngurumo, wale wa mieleka iliyokuwa inaonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi jioni.

Mieleka ile hupangwa, jamani, tusidanganyane. Nani ashinde na nani aanguke wanakubaliana kabla. Lakini maumivu hayapangwi, na jasho la yule kijana halikupangwa na mtu. Walimwita Gunia wa Majimoto. Akimweka mpinzani begani, ukumbi mzima ulikuwa unaimba, "Pakia! Pakia!" Hapa kwangu watu walikuwa wanapanda juu ya mabenchi. Prisila alikuwa anakaa mbele kabisa, mikono mapajani, anatabasamu kama bibi harusi.

Mwenye kampuni alikuwa anaitwa Ezekia. Siku moja wakiwa safarini kwenye basi, Prisila alimpigia mwanawe simu, wakaongea Kirundi chao kama kawaida. Ezekia alikuwa kiti cha mbele, akageuka. "Kumbe wewe ni wa kuja?" Dieudonne akamwambia kwamba kazaliwa Katavi na ni Mtanzania. Ezekia akacheka, akasema hiyo haiuzi.

Jumamosi iliyofuata hatukumwona Gunia. Tuliona mtu kajifunika blanketi lililochanika, sufuria imefungwa mgongoni, anaingia ulingoni anachechemea, na mtangazaji anapaza sauti, "Mkimbiziii!" Halafu akawafundisha watu cha kusema: "Rudi kwenu!" Ukumbi ukashika. Watu wazima, wenye watoto wao, wamesimama wanapiga makofi, rudi kwenu, rudi kwenu. Nilitaka kuzima nikawa naitafuta rimoti kwa hasira, kumbe nimeikalia. Prisila aliweka kikombe chini, akaniaga kwa adabu, akatoka. Chai ilikuwa bado nusu.

Kesho yake aliniita kutoka ng'ambo ya migomba. "Dada Yustina, wale wanaopiga kelele, wanatujua?"

Nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo.

Dieudonne alimwambia mama yake kwenye simu kwamba ule ni mchezo tu. Prisila akamjibu, "Mwanangu, mimi nilipobebwa mgongoni sikuwa nacheza." Kijana akavumilia kwa muda, maana ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kisha uvumilivu ukamwisha, akamwambia Ezekia kwamba anaondoka.

Sasa hao watu wa mieleka nao wana mila yao. Anayeondoka hulala chali. Pambano lako la mwisho lazima ushindwe, umwachie sifa anayebaki. Dieudonne hakuikataa. Aliniambia mwenyewe, "Mama mdogo, hiyo ni heshima ya kazi, sina ugomvi nayo." Aliomba kitu kimoja tu. Kampuni ilikuwa inakuja Mpanda, naye alitaka alale chali hapa, mbele ya mama yake, akiwa Gunia wa Majimoto. Asivae blanketi. Neno "rudi kwenu" lisitamkwe. Watu wa nyumbani wamwone akishindwa kama mtu wa nyumbani, basi.

Ezekia alikubali. Na hakukubalia kwenye simu, alikuja mwenyewe kabla ya siku ya pambano, akaketi uani kwa Prisila. Prisila alikuwa amepika impeke, ile pombe ya mtama ya Kirundi. Chungu kinawekwa katikati, kila mtu na mrija wake, mnavuta pamoja. Kwa jinsi Prisila alivyolelewa, ukishavuta kwenye chungu kimoja na mtu, neno mlilosema hapo limefungwa, hakuna wa kulifungua. Ezekia akavuta, akasifu, akavuta tena. "Mama, mwanao ataagwa kwa heshima," akasema, na povu bado liko mdomoni.

Mimi nilimvuta Prisila pembeni. "Mpeleke basi kwa mtendaji akayaseme hayo mbele ya mashahidi. Huyu ni mtu wa mjini."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Dada Yustina, si amekunywa?"

Kwake yeye ilikuwa imetosha. Akapiga simu Katumba, akapiga Mishamo, ukoo wote uje umwone kijana wao anavyoagwa. Hakumwacha hata bibi yao mmoja anayetembelea magongo.

Siku ya pambano walikuja wamebanana kwenye Noah na pikipiki mpaka uwanja wa mpira ukaonekana mdogo. Prisila alivaa kile kitenge cha siku ya uraia. Dieudonne alipotokea na bukta yake ya gunia, bila blanketi, tulipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Alimnyanyua mpinzani wake, bwana mmoja waliyemwita Chuma, akamzungusha, pakia, pakia, vumbi likapanda. Kisha, kama walivyokubaliana, akateleza, akaanguka, akalala chali. Alimpa yule bwana mabega yake yote mawili. Refa akahesabu mpaka tatu. Nikaanza kupiga makofi, nikijua yamekwisha salama.

Hayakuwa yamekwisha. Wanaume wanne wenye kofia kama za askari waliruka ulingoni, wakamtupia blanketi lile lile kabla hajanyanyuka, wakamfunga kamba, wakambeba juu juu. Kando ya uwanja fuso lilikuwa limeshawashwa, ubavuni wamebandika kitambaa kilichoandikwa BURUNDI. Kijana aliyekuwa anapakia watu akapakiwa yeye. Mtangazaji akashika kipaza sauti: "Mpanda! Mwambieniii!"

Na nyie mnafikiri Mpanda tulinyamaza? Natamani ingekuwa hivyo. Wapo waliopaza sauti, tena si wachache. Walishazoea kwenye televisheni, midomo ikafunguka yenyewe, rudi kwenu, rudi kwenu, huku wamekaa bega kwa bega na wazee wa Katumba. Mmoja wao alikuwa shemeji yangu Kasimu, fundi pikipiki, ambaye alipolazwa na malaria uji wake ulikuwa unatoka jikoni kwa Prisila. Nilimpiga na mwavuli. Nilimpiga mpaka mwavuli ukapinda, na akiniudhi tena ninao mwingine.

Nilipogeuka, Prisila hakuwa kwenye kiti. Alikuwa anaukatiza uwanja, anatembea bila haraka. Wale wanne walipomwona mama mtu mzima anawajia wakasimama wasijue la kufanya, maana yeye hakuwa amepangwa. Alikanyaga gurudumu akapanda kwenye fuso, akafungua kamba, akamvua mwanawe blanketi, akalikunja pembe kwa pembe kama anavyokunja shuka zake nyumbani. Akashuka nalo, akaenda mpaka kwa Ezekia aliyekuwa amesimama karibu na mtangazaji. Kipaza sauti kilikuwa wazi, uwanja mzima tukasikia.

"Ulikunywa kwangu," alisema. "Haya, niambie. Kwetu ni wapi?"

Kelele zilikatika. Prisila akamwekea blanketi mikononi, akamshika mwanawe mkono, wakatoka kwa lango kubwa, ukoo wote nyuma yao, na mwisho kabisa mimi na yule bibi wa magongo.

Jioni hiyo Dieudonne alikaa mgahawani kwangu, chakula hakigusi. Shingoni alikuwa na alama ya kamba. "Mimi nililala, mama mdogo," alisema. "Nililala kama tulivyokubaliana. Neno langu nililitimiza." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ulilala vizuri kabisa, kila mtu aliona. Alirudia maneno hayo hayo mara kadhaa, ngumi zake zimekunjwa juu ya meza.

Ilipofika Jumamosi televisheni ikaonyesha, nikawaka moto. Walikuwa wamemwondoa Prisila kabisa kwenye picha. Walionyesha blanketi, wakaonyesha kamba, wakaonyesha fuso likiondoka, na makelele ya ukumbi wa Dar wakayabandika juu ya uwanja wetu. Kwa hiyo wanaotazama huko mbali wanajua kwamba Mpanda ilimfukuza Dieudonne. Waongo wakubwa! Fuso lile liliondoka tupu, mimi nilikuwepo. Tangu siku hiyo Jumamosi jioni kwangu tunasikiliza redio, na asiyetaka redio akanywe chai kwake.

Dieudonne alirudi kwenye magunia. Mavuno ya mpunga yalipopamba moto, Ezekia naye akarudi Ilembo. Ndiyo, alirudi, na uso ule ule. Kumbe watu walikuwa wanamuulizia Mkimbizi, naye alitaka Dieudonne atokee tena ulingoni, eti mkimbizi kapenya mpakani kwa siri. Alitueleza hayo anatabasamu, amekaa uani kwa Prisila pale pale alipokaa mwanzo. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikauweka ungo chini. Neno la kuomba radhi halikumtoka hata kwa bahati mbaya.

Prisila alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na chungu, akakiweka katikati, akampa mrija.

"Kunywa, mwanangu."

Ezekia akafurahi, akadhani tumeelewana. Akainama, akavuta. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani. Kilichosikika kilikuwa upepo tu. Akachungulia: chungu kilikuwa kimeoshwa kikakauka, hakina hata punje ya mtama.

"Mama, mbona hamna kitu humu?"

"Ndiyo neno lako hilo," Prisila alisema. "Nimekutunzia."

Ezekia aliweka mrija chini, akajifuta mdomo ambao haukuwa umelowa. Hakumtazama tena Prisila. Akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Dieudonne mwenyewe yuko wapi? Niongee naye mwenyewe."

"Si mlimwambia arudi kwao?" nilimjibu. "Amerudi. Yuko Majimoto, anapakia mpunga."