Mwaka wa Mwisho wa Kupiga Taruma

Enzi zetu, na naomba msicheke, maana hata mtu wa kidato cha tatu anaruhusiwa kuwa na enzi, hii njia ya baiskeli mnayopigia picha kila Jumapili ilikuwa reli. Reli nyembamba ya shamba la mkonge, iliyoanzia kwetu kambini juu ikateremka hadi kijiji cha Chini, karibu na bahari. Treni yenyewe sikuwahi kuiona. Iliacha kupita kabla mama hajaolewa. Hilo halikutuzuia kuitegea. Tulipanga vifuniko vya soda juu ya chuma ili ivisage, tukajificha kwenye majani, tukasubiri kwa utulivu ambao walimu wetu hawajawahi kuuona darasani.

Nyie wa rika langu mnakumbuka. Chuma kilivyochoma makalio saa saba mchana na bado tukakikalia. Harufu ya mkonge uliooza, ambayo wageni waliizibia pua na sisi tukaiita hewa. Mabungo ya vichakani yaliyotia meno ganzi, na zambarau zilizogeuza ulimi rangi ya wino, halafu nyumbani unaapa hujala kitu. "Toa ulimi," mama anasema, na kesi inaishia hapo.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa suala la sahani. Bibi yangu mzaa baba alishuka kutoka Usambara akimfuata babu aliyekuja kukata mkonge. Rafiki yake alikuwa Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Chini, mtu wa pwani hasa. Idi ikifika, sahani ya pilau na mkate wa kumimina ilipanda kwetu. Krismasi ikifika, sahani ya wali na kuku ilishuka kwao, tena kuku aliyechinjwa na jirani yetu Mwislamu ili Bi Mwanaidi ale bila wasiwasi.

Mbebaji alikuwa mtoto, na hakuchaguliwa kwa umri. Alichaguliwa kwa hatua. Ilibidi uweze kwenda kutoka kambini hadi Chini ukikanyaga taruma kwa taruma, yale machuma yaliyolala chini ya reli, bila mguu kugusa kokoto. Bibi alisema anayefika kwa hatua anatulia, ila anayerukaruka atamlisha mwenzake mchanga. Sisi tuliita kupiga taruma. Ukishapiga, wewe si mtoto tena. Kaka yangu Benja alipiga akiwa darasa la tatu, akatembea wiki nzima mikono nyuma kama mwenyekiti wa kijiji.

Mimi nilikuwa mfupi. Hata sasa ni mfupi, lakini enzi hizo nilikuwa mfupi kwa bidii. Kila Krismasi nilijaribu, na kila Krismasi nilitua kwenye kokoto kabla hata ya kona ya kwanza. "Mgosi," Bibi aliniambia, na hilo ni neno la kwao la kumwita mwanamume mzima, kwangu alilitumia kwa dhihaka tu, "ngoja mwakani. Miguu yako bado iko safarini."

Basi nikiwa darasa la nne, mwakani ikafutwa. Walikuja watu na ramani, wakaitisha mkutano shuleni, wakasema reli itang'olewa na tuta litamwagiwa changarawe, iwe njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Kazi ingeanza baada ya Krismasi. Wazee walipiga makofi. Mimi nililia, mama akadhani nina malaria. Nilikuwa nimebakiwa na Krismasi moja. Nisipopiga taruma siku ile, nitazeeka sijapiga.

Nikafanya mazoezi kila jioni na sufuria ya maji mikononi. Nikaning'inia kwenye goli la shule ili nirefuke. Nilirefuka mikono.

Krismasi ikafika. Bibi akafunga sahani kwa kitambaa, akanitazama miguuni, kisha usoni.

"Huyu atapeleka mchanga," akasema Benja.

"Nyamaza wewe. Nenda, mgosi." Safari hii hakucheka.

Nikaenda. Taruma, taruma, taruma. Misuli ya mapaja ilinililia. Nikapita kona ya kwanza, nikapita kalavati, nikaanza kujisikia mwenyekiti. Halafu, nikikaribia Chini, reli ikaisha. Wale mafundi walikuwa wameanza kazi mapema, tena kutokea huko chini. Vyuma vimerundikwa kando. Pale palipokuwa na mataruma pamebaki alama tu kwenye udongo, zimepangana kama ngazi iliyolazwa.

Sefu, mjukuu wa Bi Mwanaidi, rika langu, alikuwa amekaa juu ya vyuma akinisubiri. Yeye alikuwa amepiga taruma tangu Idi, kwa hiyo alijiona hakimu.

"Weye umeshindwa!"

"Sijashindwa mimi, imeshindwa reli!"

Akafikiri. "Haya, piga alama."

Nikapiga alama. Sefu akatembea pembeni ameinama, macho kwenye nyayo zangu. Alama moja ilikuwa imefukiwa. Nikanyoosha mguu hadi nikasikia kaptula ikiachia.

"Kokoto! Kagusa kokoto!"

"Si kokoto, ni jiwe tu!"

"Jiwe la wapi? La reli hilo, ni kokoto!"

Tukafika mlangoni tukigombana. Bi Mwanaidi akaitikia shikamoo yangu, akapokea sahani, akaingia ndani. Hakuna aliyeamua kesi. Nyumbani aliamua Benja: haihesabiki. Miaka sita sasa, anafanya kazi mjini, mtaa wa Mabawa, na kwenye simu bado ananiita Jiwe.

Siku hizi mdogo wake Sefu, binti wa miaka minane, analeta pilau kwa baiskeli, ndani ya hotpoti, likiwa bado linafuka moshi. Nilimsimamisha nimsimulie enzi zetu. "Kaka, sogea," akasema, "breki hazishiki."

Krismasi iliyopita Bibi, ambaye miguu yake ilizikataa zile kokoto kabla sijaanza shule, alisema sahani ataipeleka mwenyewe. Nikampakia nyuma ya baiskeli. Alinikaripia kila kona. Tulipofika, yeye na Bi Mwanaidi walishikana mikono wakakaa hivyo hivyo, na mimi, kwa kukosa haya, nikaona ndio wakati mzuri wa kukata rufaa.

"Bi Mwanaidi, mwaka ule walipong'oa reli, mimi nilipiga taruma au sikupiga?"

"Miguu ya watu ntaangaliaje? Mie nilikuwa na njaa." Kisha akamgeukia Bibi. "Kwani hujamwambia? Huyu bibiyo, enzi akileta mwenyewe, hakuweza hata taruma tatu. Mfupi hivi! Akipita kwenye majani, anafika kanga yote mbigiri."

Bibi akatazama ukutani kama hamjui mtu anayesemwa.

Jioni nikampigia Benja, nikamsimulia yote. "Jiwe ni jiwe," akasema. "Haihesabiki."

Kusema kweli nilifurahi kwamba kesi bado haijafungwa. Njia ni nzuri, sibishi, imemfikisha bibi yangu. Watoto wa sasa wanafika Chini kwa dakika chache, wafupi kwa warefu, na hakuna hata mmoja anayegombewa kama kweli amefika.