Mto Ulipotuhama

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuongoza watalii nilikabidhiwa begi zito nikaambiwa ndani mna boti. Nilidhani nafanyiwa mzaha. Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Hewani, ukingoni mwa Mto Tana. Kwetu chombo cha majini ni mtumbwi, gogo zima lililochongwa, na mtumbwi hubeba watu, haubebwi. Msimamizi wa kituo chetu cha Bura, mzee mkavu asiyecheka, alilitandaza lile boti la mpira chini, akafunga kwenye tundu lake mfuko wa kupulizia, yaani mfuko mwepesi unaouchotea upepo kisha ukaukamua mpaka boti lijae. Makasia nayo yalikuja vipande vipande, tukayaunganisha. Nikamuuliza kwa nini mtu abebe boti mgongoni ilhali mto uko palepale. Akasema wageni wanapenda kutembea msituni, wakichoka waelee, na wakichoka kuelea watembee tena. Sikuelewa, lakini mgeni njoo mwenyeji apone. Kazi nilikuwa naihitaji.

Ni yeye aliyenifunza uongozaji. Alinifunza kuwaepusha wageni na njia za viboko, ambazo ni pana na safi hata mtu hudhani zinampeleka kijijini. Alinifunza kupanga mkato. Mkato ni kipande cha kutembea kinachokata kona ya mto: mnakunja maboti, mnapita msituni, mnaukuta mto upande wa pili. Na juu ya kupotea alikuwa na neno moja tu.

"Ukichanganyikiwa, tafuta mto. Hakuna mtu aliyepotea akiwa na mto."

Baadaye nilihamishiwa Hola, kisha Garsen, chini ya Meneja wa Safari, mama mchangamfu aliyetuendesha kwa simu akiwa ofisini. Miaka yote hiyo nilikuwa na nia moja, kustaafu nirudi Hewani kwenye shamba la migomba na miembe alilolitunza mke wangu, Mama Jilo. Kwetu shamba hupimwa kutoka ukingoni. Kila ukoo una kipande chake, kinaanza kwenye maji na kurudi nyuma hadi nyikani. Hatuna seng'enge wala mawe ya mpaka. Mto ukiwapo, kila mtu anajua lake liko wapi, na mimi sikuwa na akiba nyingine ya uzee.

Safari yangu ya mwisho nilikuwa na wageni watatu, na mvua kubwa zilikuwa zimetoka kupita. Siku za mwanzo tulielea vizuri, maji mengi, mekundu. Kisha tukakata mkato mrefu, tukalala msituni, tukatembea tena hadi mchana. Tulipotokea pale nilipowaahidi mto, tulikuta tope. Kambare walikuwa wakigaragara kwenye vidimbwi na korongo wakijichagulia. Nikawaambia wageni nimekosea njia, nikawarudisha nyuma. Tukazunguka, tukatokea palepale.

Mgeni mmoja alitoa simu yake yenye ramani. Ilionyesha tumesimama katikati ya Mto Tana. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaona mkuyu uliolala kuelekea kivuko cha kwetu, mkuyu ninaoujua tangu utotoni. Hapo kicheko kiliniisha. Afadhali ningekuwa pahali nisipopajua.

Juu ya kichuguu kimoja mtandao ulishika, na Meneja akapiga.

"Mzee Komora, mko wapi?"

"Tuko mtoni."

"Basi pulizeni maboti, mje. Gari linawangoja."

"Mama, mto haupo."

Akaniuliza kwa upole kama nimekunywa maji ya kutosha. Sikumlaumu. Hata mimi nilianza kujipima kichwa. Nikachemsha maji ya kidimbwi, tukajaza chupa, nikaamua tufuate lile tope linakoteremkia, maana sikuwa na shauri jingine. Tulitembea ndani ya mto na maboti mgongoni. Kila nilipotambua kona, nilizidi kuchanganyikiwa, na hofu ikaniingia, kwa sababu nilijua kona hizo zinaelekea wapi. Mwisho wake ulikuwa migomba yangu.

Mama Jilo alikuwa ukingoni, mikono kiunoni. Alitutazama tukija huko chini, kule samaki walikokuwa wakipita.

"Mto umevunja kingo huko juu, umehama," alisema. "Nimekupigia simu nikachoka. Sasa wewe ulikuwa unaongoza watu wapi?"

Nilimpigia Meneja nikamwambia tuko Hewani. Gari liliwachukua wageni, nami nikarudisha begi ofisini, nikastaafu.

Wazee wa kijiji walikutana mara nyingi. Kama mto uko kwingine, shamba langu linaanzia wapi? Tukiufuata ukingo mpya, tunaingia kwenye malisho ya Waorma, na wao pia wanauliza ni nani aliyewaletea mto katikati ya ng'ombe. Migomba ilianza kunyauka tukiwa bado kwenye mkutano.

Siku moja nilimkuta Mama Jilo chini kabisa, pale mto ulipokuwa na kina, akifukia mbegu za mahindi kwenye udongo mweusi wenye unyevu. Nikamwambia pale si petu.

"Mto haukuwa wa mtu," akasema. "Basi na hapa si pa mtu. Shika jembe."

Nilishika. Mahindi yamestawi kuliko yote niliyowahi kuyaona. Vijana huniuliza, mzee uliyeujua mto mzima, je, utarudi? Nawaambia sijui. Juu ukingoni migomba yangu inakufa kwa kiu, na chini ninapalilia mahindi ambayo maji yakija yatayazoa yote. Mawingu yakitanda upande wa juu, naomba mto urudi, kisha nayatazama mahindi naomba usirudi. Sijui Mungu asikilize lipi.